Kinga, Ukinzani na Ustahimilivu wa Mimea

Katika maandishi ya kilimo yanayofasiriwa kwa Kiswahili, istilahi tatu huchanganywa mara kwa mara: kinga, ukinzani na ustahimilivu. Tofauti zake hazibainiki barabara pasipo kufahamu jinsi mmea unavyojihami dhidi ya vijidudu viletavyo maradhi.

Mmea hauna damu wala seli zinazozunguka mwilini kumsaka adui. Kwa hiyo haifai kuandika kwamba mmea hutengeneza “kingamwili”, kwani hilo ni jina la protini maalumu za wanyama wenye uti wa mgongo. Katika mmea kila seli hujilinda yenyewe. Kwenye utando wake zimo protini ziitwazo vipokezi. Kipokezi kikinasa molekuli ya bakteria au ya kuvu, seli hutanabahi, ikaimarisha ukuta wake na kutoa kemikali za kumdhuru adui. Pengine seli zilizoshambuliwa hujiua, ili adui akwame humo asienee.

Aidha, ishara husafiri. Mwaka 1961, A. F. Ross wa Marekani alionyesha kwamba tumbaku ikiambukizwa virusi vya batobato katika baadhi ya majani, majani mengine yakija kuambukizwa baadaye hupata madoa machache na madogo zaidi. Mwaka 1979, R. F. White wa Uingereza alidunga aspirini katika majani ya tumbaku, na madoa yakapungua. Aspirini hutokana na asidi ya salisili. Na mwaka 1990 ilidhihirika kwamba asidi hiyo huongezeka ndani ya tumbaku yenyewe inapopambana na virusi hivyo. Ni mojawapo ya molekuli za ishara.

Basi, utaratibu huo mzima wa kutambua, kuarifiana na kujihami ndio kinga. Ukinzani ni matokeo yake: adui huzuiwa asiongezeke. Neno hili latokana na kitenzi kinza, yaani kupinga. Ama ustahimilivu ni jambo jingine kabisa: virusi vimo mwilini na vyaweza kuongezeka, lakini mmea huvumilia na mavuno hayapungui sana.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mkulima akiambiwa kwamba muhogo wake una ukinzani, ilhali ni mstahimilivu tu, atakata pingili na kuwagawia majirani bila wasiwasi. Virusi vya batobato vitasafiri ndani ya pingili hizo, na inzi weupe watavipeleka katika mashamba yenye mihogo dhaifu. Neno moja lililokosewa katika kijitabu cha ushauri laweza kumkosesha mtu chakula.

Kwa hiyo yafaa mfasiri ajiulize kwanza: je, adui amezuiwa, au amevumiliwa? Akishapata jibu, ndipo achague istilahi.