Mteja wa Zamani na Mtu Mpya: Yampasayo Kujua Anayejiunga na Biashara ya Mtandao

Neno mtandao katika makala haya halina maana ya intaneti. Biashara ya mtandao tunayoizungumzia ni ile ambayo kampuni haiuzi bidhaa zake dukani, bali huzipitisha kwa watu waliojiandikisha, nao huuza kwa jirani, ndugu na wafanyakazi wenzao. Kila aliyejiandikisha hupata faida ya kile alichouza kwa mkono wake, na hupata pia kamisheni itokanayo na mauzo ya wale aliowaingiza. Dawa za meno, sabuni, mafuta ya ngozi, virutubisho na vyombo vya nyumbani ndizo bidhaa zinazoonekana zaidi. Biashara ya namna hii yenyewe si kosa. Makosa huanzia mahali pengine, na kwa maoni yetu njia fupi ya kupatambua ni kuuliza swali moja: je, kampuni inakulipa zaidi kwa kumhudumia mteja uliye naye, au kwa kumleta mtu mpya?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi Ilomba, jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mfano huu tumeutunga, na hesabu zake tumezipanga wenyewe ili zieleweke. Yeyote aliye ndani ya biashara hii aweke hesabu zake mahali pa zetu. Mama huyu ana wateja 15, baadhi Ilomba, wengine sokoni Mwanjelwa. Kila mmoja hununua kwake mara moja kwa mwezi, na kila ununuzi humwachia faida ya shilingi 4,000. Huwafikia kwa miguu. Kwa mwezi anabakiwa na shilingi 60,000. Kwa miezi mitatu, 180,000. Si utajiri, lakini ni ada ya mtoto au mtaji wa gunia la viazi.

Kisha anaitwa kwenye semina. Huko anaambiwa kwamba wanaouza sabuni hubaki kuwa wachuuzi, na wanaojenga timu ndio hupanda ngazi. Anapewa karatasi aandike majina 100 ya watu anaowafahamu. Miezi mitatu inayofuata anaitumia kuwasaka. Anakwenda Tukuyu, anakwenda Tunduma, ananunua bando, anawalipia watu chai. Gharama inafika shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 150,000. Anafanikiwa kuwaandikisha watatu, kila mmoja akinunua kifurushi cha kuanzia cha shilingi 250,000, naye anapata asilimia 10: jumla 75,000. Wakati huohuo wateja wake wa zamani, wakimkosa siku ambayo mafuta yamekwisha, wananunua dukani. Mwezi wa kwanza wanabaki 11, wa pili 8, wa tatu 6. Faida yake kutoka kwao inashuka kuwa 44,000, kisha 32,000, kisha 24,000, jumla 100,000. Ukijumlisha kamisheni na kutoa gharama, mama huyu amebakiwa na shilingi 25,000 badala ya 180,000.

Hapo hatujagusa mzigo. Kampuni nyingi huweka sharti kwamba ili mtu aendelee kupokea kamisheni, lazima anunue bidhaa za kiasi fulani kila mwezi, awe na wanunuzi au asiwe nao. Kiwango hicho kikiwa shilingi 120,000, mama mwenye wateja sita atanunua asichoweza kuuza, na katoni zitaanza kupangwa chini ya kitanda. Machoni pa kampuni bidhaa hizo zimeuzwa. Machoni petu bado hazijauzwa, kwa sababu hakuna mtu aliyezitaka kwa matumizi yake.

Waandaaji wa semina watasema kwamba kasoro ni ya mama: angevumilia, wale watatu nao wangeleta watatu. Hesabu haikubaliani nao. Tuseme kila mtu anatakiwa kuleta sita. Ngazi ya kwanza ni watu 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296, ya tano 7,776, ya sita 46,656, ya saba 279,936. Ngazi ya nane inahitaji watu 1,679,616. Sensa ya mwaka 2022 ililikuta Jiji la Mbeya na watu zaidi ya laki tano kidogo, watoto wachanga wakiwamo. Kwa hiyo ngazi ya nane haiwezi kujazwa hata kila mkazi wa jiji akijiunga, na siku zote walio wengi ni wale wa ngazi ya mwisho, ambao hawana wa kumwandikisha. Wao si wavivu, watu wamekwisha. Mteja wa sabuni yeye haishi kwa namna hiyo, maana sabuni ikimalizika atahitaji nyingine.

Tofauti hii ndiyo iliyoamuliwa na vyombo vya nchi nyingine kabla yetu. Mwaka 1979, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa uamuzi juu ya kampuni ya Amway. Iliikuta haikuwa mpango wa upatu, na miongoni mwa sababu ilizozitazama ni kanuni tatu za kampuni hiyo: mwanachama alipaswa kuwa ameuza asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza kingine; alipaswa kuonyesha kwamba ameuza kwa wateja 10 tofauti katika mwezi ndipo apate bonasi; na bidhaa ambazo hazijauzwa zilirudishwa kwa aliyemwingiza au kwa kampuni. Hata hivyo tume hiyo iliiamuru kampuni iache kutia chumvi katika maelezo ya vipato. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake, ili angalau theluthi mbili ya malipo ya wanachama yatokane na mauzo ya rejareja yanayothibitika. Katika mashauri yote mawili swali lilikuwa moja: bidhaa ilifika kwa mlaji wa kweli, au ilizunguka miongoni mwa walioandikishwa?

Hapa kwetu jambo hili lina jina, nalo ni upatu. Neno hilo huwachanganya watu, kwa sababu katika baadhi ya sehemu upatu ni ule mchezo wa kupeana, wenye kijumbe anayekusanya na kugawa kwa zamu. Katika mchezo wa namna hiyo idadi ya wachezaji inajulikana, na kila mmoja hatimaye hupokea kiasi alichotoa. Upatu unaokatazwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 171A, ni mradi ambamo waliotangulia hulipwa kwa fedha za wanaofuata. Wengi wanaikumbuka DECI, iliyowataka watu wapande mbegu na kungoja mavuno, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani na Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu mwaka 2013. Februari 2025 polisi waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na mtandao uliojiita LBL, ambao haukuwa hata na sabuni ya kuuza. Washiriki waliweka fedha na kuahidiwa malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu. Mradi wa namna hiyo hauna mteja wa zamani wa kutunzwa. Una watu wapya tu, na wanapoacha kuja unaanguka.

Turudi kwa yule mwenye bidhaa halali mkononi, kwa sababu ndiye tunayemwandikia zaidi. Kuwatunza wateja ni kazi ya daftari kuliko ya maneno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wauza biashara ya mtandao wengi hujua pointi zao kwa kichwa lakini hawajui faida yao. Andika jina la mteja, alichonunua, siku aliyonunua na siku kitakapokwisha. Kama dawa ya meno huisha kwa wiki sita, mpitie wiki ya tano. Bidhaa ikimwasha ngozi, irudishe, na usimwambie kwamba mwili unatoa sumu. Mteja wa Ilomba aliyeridhika atamtajia shemeji yake wa Uyole, na huyo shemeji atakuja mwenyewe bila kutafutwa. Hivyo ndivyo wateja wapya wapatikanavyo kwa gharama ndogo. Hatusemi wasitafutwe kabisa. Watu huhama, huhamishwa kikazi, huishiwa fedha, na duka lisilopata mgeni hufifia. Tunasema tu kwamba mnunuzi mpya na mwanachama mpya si mtu mmoja. Wa kwanza anakuletea fedha kwa kitu alichokitaka. Wa pili amenunua tumaini, na pengine kwa mkopo wa kikoba.

Hapo pana jambo ambalo hatupendi kulipita. Wateja wa mwanzo wa biashara hii karibu wote ni watu wa karibu: dada, wifi, mwana kikoba mwenzako, mama anayekaa benchi moja nawe kanisani. Baadhi yao hununua kwa haya. Mtu anayenunua asichokihitaji ili asikuudhi si mteja wa kudumu, hata akinunua miezi sita mfululizo. Anakulipa ili amani iwepo. Utamtambua kwa sababu hukuuliza kamwe bidhaa imefika lini, na chupa ya mwezi uliopita bado iko kabatini haijafunguliwa. Kumtunza huyo ni kumwachia nafasi ya kukataa. Ukimbana, utapoteza shilingi 4,000 na ndugu kwa pamoja.

Kuhusu virutubisho tunalazimika kusema kwa ukali kidogo. Wapo wauzaji ambao huwatunza wateja wao kwa kuwafuatilia kila wiki, kwa upole, huku wakiwashauri wenye kisukari au shinikizo la damu waache dawa za hospitali. Upole huo unaua. Vipodozi na bidhaa za chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na tiba za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula haiwi dawa kwa sababu semina imesema hivyo. Anayekuuzia akidai inaponya, mwombe uthibitisho wa usajili wa dawa, na mpaka auonyeshe endelea na maelekezo ya daktari wako.

Ile karatasi ya majina 100 nayo si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni halali na yaliyo wazi. Unapoandika namba za simu za jamaa zako na kuzikabidhi kwa mtu usiyemfahamu ili awapigie, umetoa kitu kisicho chako. Waulize kwanza wenye namba. Wengi watakataa, na jibu hilo nalo ni taarifa yenye manufaa juu ya soko lako.

Kabla ya kulipa kiingilio, omba mpango wa malipo kwa maandishi na usiridhike na picha za kwenye simu. Soma ni sehemu gani ya kipato inatokana na mauzo kwa wasio wanachama. Uliza kama kampuni hurudisha fedha kwa bidhaa ambazo hazijafunguliwa, ndani ya siku ngapi, na kwa makato gani. Hakikisha kampuni imesajiliwa na BRELA, ukikumbuka kwamba usajili wa jina hauthibitishi kwamba mpango wa malipo ni halali. Cheti kilichowekwa fremu ukutani kimewatuliza watu wengi isivyostahili. Ukiambiwa kwamba nafasi inafungwa leo usiku, rudi nyumbani. Kampuni iliyo na bidhaa inayouzika itakuwapo Jumatatu.

Aliyekwisha kuingia na sasa anaona anasukumwa kuandikisha badala ya kuuza, asinunue mzigo mwingine kwa lengo la kurudisha uliopotea. Ahesabu katoni zilizopo, aandike barua ya kuomba kurudisha zile ambazo hazijafunguliwa, na abaki na nakala. Atunze risiti, ujumbe wa miamala ya simu, na maneno ya ahadi yaliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hayajafutwa. Malalamiko juu ya maelezo ya udanganyifu hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mradi unaopokea fedha za watu bila bidhaa yoyote huripotiwa polisi, na Benki Kuu ya Tanzania huarifiwa. Anayelalamika aandike jina la aliyemwingiza, tarehe, kiasi alicholipa na namba ya simu iliyopokea fedha. Kama na yeye aliwaingiza wengine, aseme hivyo tangu mwanzo, na awaarifu watu hao kabla hawajalipa mwezi unaofuata.