Kizibo cheupe cha gego: bei na miaka yake

Zebaki wanayoijua wachimbaji wa dhahabu wa Chunya ndiyo iliyomo katika amalgamu, kizibo cha kijivu cha magego. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unataka matumizi yake yapunguzwe. Soko linaelekea kwenye kompoziti yenye rangi ya jino.

Kompoziti ikiwekwa vizuri kwenye gego hudumu miaka 10 au zaidi. Lakini tathmini ya Cochrane ya 2021 iliona inaharibika karibu mara mbili ya amalgamu, hasa kwa jino kuoza upya kandokando ya kizibo. Adui ni mate: yakigusa tundu, kizibo hakishiki. Tena inahitaji taa ya kuigandisha, yaani umeme. Mwenye kuwekeza katika kliniki Mbeya au Iringa alihesabu hilo.

Njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, haihitaji umeme. Glasi ayonoma inayotumika hukaa vema kwenye tundu la upande mmoja. La pande mbili huvunjika mapema.

Tuseme kizibo cha Sh. 60,000 kinakaa miaka 10: ni Sh. 6,000 kwa mwaka. Cha Sh. 30,000 kikidumu miaka 3, ni Sh. 10,000.