Meneja wa Programu Awe Mwalimu

Fred Brooks alisimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 wa kampuni ya IBM, na mwaka 1964 akaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha North Carolina, akafundisha huko kwa miongo kadhaa. Katika kitabu chake cha 1975 alionya kuwa kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale walioelemewa na kazi. Wapo watakaosema kufundisha humpotezea meneja muda. Lakini onyo hilo laonyesha kwamba gharama ya kufundisha haikwepeki. Ikiahirishwa, hulipwa wakati mbaya zaidi. Waajiri na wauhesabu ualimu kuwa sehemu ya kazi ya meneja.