Je, Wajua Fuwele Huota Ndani ya Glasi?

Shabu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi humpaka mteja baada ya kumnyoa, na ambalo hukorogwa katika ndoo ya maji ya mto ili tope litue chini, ni mwalimu mzuri wa sayansi. Bei yake ni ndogo. Ukiiyeyusha majini na kuipa muda, huota fuwele yenye nyuso nane za pembetatu, laini na za kung'aa, wala hakuna aliyeichonga.

Umbo hilo latoka wapi? Shabu, kama chumvi na sukari, imeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Zikiyeyuka majini hutangatanga ovyo. Maji yakishindwa kuzibeba zote, huanza kushikana, na kila moja hukaa mahali pake kama wanafunzi waliojipanga mstarini asubuhi. Mpangilio huo hujirudia mamilioni ya mara hadi uonekane kwa nje. Ndiyo maana punje ya chumvi ina umbo la mchemraba, na shabu ina umbo lake tofauti. Mwaka 1669, Nicolas Steno, mwanasayansi wa Denmark aliyekuwa akiishi Italia, alieleza kwamba fuwele za aina moja, ziwe ndogo au kubwa, pembe zilizo kati ya nyuso zake hazibadiliki.

Kuiotesha nyumbani ni rahisi. Mtu mzima amimine maji ya moto katika glasi imara au kopo. Mtoto atie shabu iliyotwangwa, kijiko baada ya kijiko, akikoroga, mpaka ianze kubaki chini bila kuyeyuka. Chujeni kwa kitambaa safi, funikeni kwa karatasi, kisha acheni hadi kesho. Chini mtakuta fuwele ndogo ndogo. Chagueni moja iliyo nzuri zaidi iwe mbegu, ifungeni kwa uzi mwembamba, na muining'inize kwenye penseli iliyolazwa juu ya glasi. Ndani ya glasi muwe na maji mapya yaliyoshiba shabu na kupoa kabisa. Yakiwa bado moto, mbegu yenu itayeyuka yote. Wekeni mahali tulivu pasipo jua. Baada ya siku kadhaa mtaiona imenenepa.

Shabu si ya kula, kwa hiyo chombo chake kitengwe na mikono ioshwe.

Shabu hujitenga maji yanapopoa, lakini chumvi ina tabia nyingine. Mililita 100 za maji ya kawaida huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi, na yakichemka huyeyusha gramu 39 tu. Kwa kuwa tofauti ni ndogo hivyo, kupoza maji hakutoi fuwele za maana. Inabidi maji yenyewe yakauke. Wazalishaji wa chumvi wa pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Gongoni, huingiza maji ya bahari katika mabwawa mapana yasiyo na kina na kuliachia jua kazi. Sahani ya maji ya chumvi dirishani hufanya vivyo hivyo.

Tukirudi kwenye shabu, haraka huharibu fuwele. Maji yakipozwa ghafla, mbegu nyingi huzaliwa kwa wakati mmoja na kugombania shabu, nazo hubaki ndogo na zenye ukungu. Yakipoa polepole, chache hukua kwa nafasi na kuwa angavu.

Dorothy Hodgkin, aliyezaliwa Cairo mwaka 1910, alikuwa na miaka kama kumi alipootesha fuwele za shabu darasani Uingereza. Alizipenda, akaendelea nazo ukubwani. Kwa kupitisha eksirei ndani ya fuwele alibaini umbo la molekuli ya penisilini na la vitamini B12, na mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kwa hiyo mzazi asiishie kwenye urembo wa fuwele. Andaeni glasi mbili za shabu zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: moja ipoe ndani ya maji baridi, nyingine ipoe taratibu ikiwa imeviringishwa taulo. Kabla ya kuanza, mtoto aandike anachodhani kitatokea na sababu yake. Kesho yake alinganishe alichoandika na anachokiona. Kukisia, kubadili jambo moja, kutazama na kulinganisha ndiyo kazi ya mwanasayansi kama Hodgkin, na mtoto wa darasa la nne anaiweza.