Masizi, Gundi na Mlonge: Utangulizi

Kwangua masizi kwenye sufuria, yatie katika glasi ya maji, koroga. Yatashikana mabonge; mengine yataelea, mengine yatazama. Rudia, ila safari hii yasage kwanza pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa. Utapata maji meusi yasiyojitenga kwa siku nyingi. Huo ni wino, na waandishi wa Misri ya kale waliutengeneza maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kueleza siri yake.

Maelezo yalisubiri tukubali kwanza kwamba zipo molekuli ndefu mithili ya uzi. Mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alipotoa hoja hiyo mwaka 1920, wengi walimpinga. Tuzo ya Nobel aliipata 1953. Nyuzi hizo ndizo polima: mpira, nailoni, protini, wanga, na gundi yetu ya mgunga.

Uzi kama huo hunataje kwenye kitu kigumu? Kila pingili yake hushika kwa nguvu hafifu, kiasi kwamba mtikisiko wa joto la kawaida hutosha kuibandua. Lakini pingili ni mamia, pengine maelfu. Moja ikiachia, jirani zake bado zimeshika, nayo hurudi mahali pake. Ndiyo maana ukisuuza kwa maji matupu, uzi hubaki. Leta molekuli za aina nyingine zinazoupenda uso ule zaidi, nazo zitapokonya nafasi moja baada ya nyingine mpaka uzi mzima ung'oke.

Tena uzi haulali wote. Mwaka 1951, huko Ujerumani, watafiti Jenckel na Rumbach walipima polima iliyonata wakakuta ni nyingi mno kuweza kuwa imelala bapa. Wakapendekeza kwamba sehemu za uzi hugusa uso, na nyingine hujitokeza kama vitanzi. Leo tunaongeza mikia, yaani ncha zinazoelea huru. Kwangu mimi, vitanzi na mikia ndiyo moyo wa fani hii ya kunata kwa polima. Katika wino, sehemu ya gundi yenye protini hung'ang'ania punje ya sizi, na matawi yake ya sukari hutanda majini. Punje mbili zikikaribiana, matawi husongamana na kuzisukuma mbali.

Sasa mtazame mama anayetwanga mbegu za mlonge na kuzikoroga katika maji ya matope. Protini za mbegu zina chaji chanya. Hunata kwenye chembe za udongo zenye chaji hasi. Chembe zilizokuwa zikisukumana sasa hushikana, huwa nzito, hutuama, na juu hubaki maji maangavu. Gundi ilitenganisha, mlonge umekusanya, na kazi ya zote mbili ilikuwa kunata.

Sura ya kwanza inaanza na swali linalohusu wino na maji ya mlonge: sehemu gani ya uzi imeshika, na sehemu gani imebaki majini?