Wageni Wanaolipa Kulala Gizani

Tuseme unakaa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kijijini kwako hakuna nguzo za TANESCO. Jioni unawasha tochi au taa ndogo ya sola. Taa hiyo haikutoshi, nawe unaomba umeme ufike upesi.

Kisha siku moja linafika gari. Mtu mmoja anashuka, anasalimia wazee, anaonyeshwa ofisi ya kijiji. Anasema anatafuta mahali pa kujenga kambi ya wageni. Hataki mahali penye umeme. Anataka mahali penye giza.

Je, mtu huyu ana akili timamu? Anazo. Anajua anachotafuta.

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inapita ndani yake kwa kilomita 50 hivi. Kama umewahi kupita hapo kwa basi, umeona twiga, pundamilia na swala. Umeona pia vibao vinavyotaja faini ya dereva atakayegonga mnyama. Abiria wa basi humwona twiga kwa nusu dakika. Mgeni wa kambi hulipa ili akae na kumtazama kutwa nzima.

Usiku analipia kitu kingine. Watu wengi wa miji mikubwa hawajui giza. Taa za barabarani huwaka hadi asubuhi, na magari hayanyamazi. Wewe unakijua Kilimia, kundi la nyota ambalo wazee walilitazama ili kujua majira ya kulima. Mtu wa mjini anaweza kuzeeka bila kukiona vizuri. Akifika kwenu anakaa nje ya hema, anatazama juu, anamsikia fisi kwa mbali. Jenereta likinguruma karibu naye, raha yote imeharibika. Ndiyo maana kambi ya namna hii haina jenereta, au inalo la dharura tu.

Lakini kambi haiwezi kukaa bila umeme kabisa. Hutumia umeme wa jua. Paneli hupokea mwanga wa jua mchana na kuugeuza kuwa umeme. Betri huutunza umeme huo kwa ajili ya usiku. Tufanye hesabu ndogo, maana hesabu hii itakufaa hata nyumbani kwako.

Taa ya wati 1 ikiwaka saa 1, imetumia wati-saa 1. Wati-saa 1,000 ni sawa na uniti 1 ya LUKU. Sasa chukua paneli ya wati 100. Ikipata jua kali kwa saa 5, inatoa wati-saa 500, yaani nusu uniti. Kiasi fulani hupotea njiani na ndani ya betri, basi tuhesabu 350.

Kambi ina mahema 6. Kila hema lina taa 2 za wati 3. Taa zote ni 12, na kwa pamoja ni wati 36. Zikiwaka saa 4 zinatumia wati-saa 144. Simu 10 za wageni zinahitaji kama wati-saa 150 kujaa. Jumla ni 294. Zimebaki 56.

Mfanyakazi akiamua kupiga pasi ya umeme ya wati 1,000, hizo 56 zitakwisha kwa dakika 3 hivi. Kwa hiyo kambini shati hupigwa kwa pasi ya mkaa, kama kwenu. Chai huchemshwa kwa moto au gesi. Kambi ikitaka jokofu la nyama, itanunua paneli na betri nyingi zaidi. Ukiona kambi ina paneli 20, usidhani ni majivuno. Sehemu kubwa ni ya jokofu na pampu ya maji.

Umeme wa jua hauleti ugomvi na jirani. Maji ndiyo yanayoweza kuleta ugomvi.

Katika kambi nyingi mgeni huoga kwa ndoo. Maji hupashwa moto ndani ya pipa. Hutiwa kwenye ndoo yenye bomba la kuogea chini yake, kisha ndoo huvutwa juu kwa kamba. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mtu mmoja. Lakini kuna kufua mashuka, kupika, kuosha vyombo, na pengine kujaza kidimbwi ili wanyama waje kunywa mbele ya wageni. Hapo ndipo uangalie sana. Tembo mmoja anaweza kunywa lita 100 na zaidi kwa siku, naye hunusa maji kutoka mbali. Akizoea kidimbwi cha kambi, njia yake ya kwenda na kurudi inapita wapi? Kama inapita kwenye mahindi yako, wewe ndiye utakayelipa raha ya mgeni. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na wanyama, lakini hicho hupangwa kwa ekari. Hakifuati bei ya gunia sokoni.

Choo nacho kisichimbwe ovyo. Kiwe mbali na kisima, angalau mita 30. Takataka za chakula zisitupwe nje, maana nyani na fisi hujifunza haraka kuliko sisi. Wakishajua kwamba kwa watu kuna chakula, watafika hadi jikoni kwako. Chupa na makopo yarudi mjini na gari lililoyaleta.

Kuhusu mahali pa kujenga, watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa habari za mto. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli. Mgeni hupenda kulala ukingoni mwa mto. Mzee wa kijiji ndiye anayejua maji yalifika wapi mwaka ule. Aulizwe.

Sasa, kijiji kitapata nini? Kwanza ujue kambi iko kwenye ardhi ya nani. Kambi iliyo ndani ya hifadhi iko chini ya TANAPA, na kiingilio cha hifadhi ni fedha ya Serikali. Vijiji jirani vimesaidiwa kwa njia ya Ujirani Mwema, kwa mfano kujengewa madarasa na zahanati. Lakini kambi ikijengwa kwenye ardhi ya kijiji, mambo ni mengine. Hapo kijiji chenyewe kinakaa mezani na kupatana.

Kazi zipo: mpishi, mfuaji, mlinzi, fundi, mtembeza wageni. Mboga, mayai, kuku na mchele vinaweza kununuliwa kwenu badala ya Morogoro mjini. Mpishi wa kambi anataka mayai 60 kila Jumatatu. Hawezi kufanya kazi na mtu anayeleta 100 wiki hii na 10 wiki ijayo. Akina mama wakijiunga na kuandika hesabu zao kwenye daftari, biashara hiyo inawezekana.

Usisahau masika. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mweusi wa mbuga ya Mkata hugeuka tope zito na magari hukwama. Wageni hupungua, na kambi nyingine hufungwa. Uliza mapema kama mfanyakazi atalipwa miezi hiyo. Hili huulizwa mara chache, na majuto yake huja Aprili.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, nayo ina kituo Kilosa. Wageni wanaweza kufika upesi kuliko zamani. Wanaotafuta ardhi nao wanafika upesi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ni wewe. Mwenyekiti peke yake hatoshi, hata akiwa mtu mwema. Na mtu asiye raia hamiliki ardhi kama unavyoimiliki wewe. Hupewa kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa taratibu za Serikali.

Siku ya mkutano, mama mmoja atasimama na kuuliza, "Mwanangu, na sisi maji tutachota wapi?" Asikatizwe. Jibu lake liandikwe katika mkataba. Liandikwe pia ni ekari ngapi, kwa miaka mingapi, malipo ni kiasi gani kwa mwaka, yanaingia akaunti ipi, njia ya ng'ombe na ya kuni itabaki wapi, na majengo yatakuwa ya nani miaka ikiisha.

Zamani wengi wetu tuliwekewa karatasi mbele, tukachovya kidole kwenye wino. Leo unaweza kuisoma. Isome hadi ukurasa wa mwisho, na neno usilolijua liulizie. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, ombeni ya Kiswahili, na mkutano uahirishwe mpaka ifike. Mtu anayetaka kukaa kwenu miaka 20 anaweza kusubiri wiki 2.