Istilahi za Ufugaji wa Siklidi wa Umbo Dogo

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa ni ya mabunge, mahakama na vyuo vikuu. Lakini neno lisilo sahihi laweza kuleta hasara hata katika jambo dogo la nyumbani. Katika makala haya tumekusudia kulionyesha hilo kwa mfano wa ufugaji wa samaki wa mapambo katika tangi la kioo, hasa wale wa jamii ya siklidi wenye umbo dogo. Nchi yetu ina samaki wa jamii hiyo kwa wingi mkubwa, katika Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Hata hivyo, maelezo mengi ya kuwatunza yameandikwa kwa lugha za kigeni, na mfasiri ndiye anayesimama kati ya samaki na mfugaji.

Tuchukulie mwalimu wa sayansi aliyeko Maposeni, karibu na Peramiho, Wilaya ya Songea. Kutoka huko hadi Mbamba Bay, penye ufuko wa Ziwa Nyasa, ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Na Ziwa Tanganyika liko mbali zaidi. Mvuvi wa kumwuliza hayuko jirani. Alicho nacho ni tangi, ndoo ya maji na kijitabu kilichofasiriwa. Kila neno la kijitabu hicho atalifuata kama lilivyo.

Jina la samaki

Jina la kitaalamu la jamii hii lina asili ya Kigiriki, na katika Kigiriki lilitaja samaki wa baharini. Halina uhusiano wowote na maziwa yetu, lakini limeenea duniani kote, nasi twaweza kulitohoa kuwa siklidi. Sauti kl si ngeni, kwani tayari tunaandika klorini. Neno hili lifae kwa jamii nzima, wala lisiyafute majina tuliyo nayo: perege, furu wa Ziwa Viktoria, kuhe wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Nyasa. Jina mbuna lilitoka vinywani mwa watu wa Ziwa Nyasa, wataalamu wakalichukua, na leo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanalitumia bila kulifasiri. Ingekuwa ajabu mfasiri wa Kiswahili kuliacha na kuandika "samaki wa miambani" tu.

Ugumu huanza pale tunapotaka kutaja siklidi wasiokua wakubwa hata wakipevuka. Wafasiri wengine wangeandika "siklidi wadogo". Neno hilo halitoshi, kwa sababu samaki mdogo ni pia samaki mchanga. Mwalimu wetu akiambiwa aweke siklidi wadogo sita katika tangi la lita 60, aweza kuweka vifaranga vya perege, ambao baada ya miezi michache watakuwa hawana nafasi hata ya kugeuka. Kuhe naye huanza maisha akiwa mdogo sana, lakini akipevuka hupita sentimita 60. Kinyume chake, *Neolamprologus multifasciatus* wa Ziwa Tanganyika hubaki chini ya sentimita 5 maisha yake yote.

"Mbilikimo" halifai, kwa kuwa ni jina wanaloitwa watu. Na "kibete" lina harufu ya dharau. Tunapendekeza siklidi wa umbo dogo, kwani maneno haya yanataja umbo na si umri.

Maji magumu na maji laini

Siklidi wote wa umbo dogo hawatoki katika maji ya namna moja. Wale wa mito ya Amazoni, Amerika ya Kusini, wengi wao wamezoea maji laini yenye asidi kidogo. Wale wa Ziwa Tanganyika huishi katika maji magumu ambayo kipimo chake cha pH hukaribia 9. Maji ya Ziwa Nyasa nayo huelekea upande wa alkali, ingawa si kwa kiasi hicho. Kijitabu kinachowaweka wote chini ya jina moja, kisha kikasema "watumie maji laini", kitawaua wale wa Tanganyika.

Zaidi ya hayo, neno "laini" hupotosha. Msomaji wa kawaida aweza kulielewa kuwa ni maji safi, matamu au yasiyo na tope. Katika kemia, maji laini ni yale yenye chumvi chache za kalsi na magnesi, na maji magumu ni yale yenye chumvi hizo kwa wingi. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la bati ni safi kwa macho, na ni laini mno. Kwa samaki wa Tanganyika hayafai mpaka yaongezwe chumvi hizo, kwa mfano kwa kuweka mawe ya chokaa ndani ya tangi, na kupimwa. Hatupendekezi kuyabadili maneno haya, kwa kuwa yamekwisha kuingia shuleni. Tunachotaka ni kwamba mfasiri ayafafanue kila yanapotokea kwa mara ya kwanza.

Kukomaza tangi

Hapa ndipo samaki wengi hufa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi katika mchanga na katika chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha katika tangi jipya. Katika muda huo huhitaji kulishwa amonia kidogo kidogo, na samaki wasubiri.

Katika lugha za kigeni kazi hiyo huitwa kwa neno lenye maana ya mzunguko. Mfasiri asiyefahamu jambo lenyewe ataandika "zungusha maji kabla ya kuweka samaki". Mwalimu ataizungusha pampu yake kutwa nzima, jioni atawaweka samaki, na baada ya siku chache atawaokota wakielea. Tunapendekeza kukomaza tangi. Mkulima anajua kwamba zao halikomai kwa siku moja, na neno hilo litamfundisha subira bila maelezo marefu.

Aidha, nitriti na nitrati zinatofautiana kwa irabu moja tu. Kosa la mpiga chapa laweza kumwambia mfugaji kwamba sumu ni salama. Yafaa wahariri wayasome maneno haya mara mbili.

Makombe na kuatamia

Baadhi ya siklidi wa umbo dogo wa Tanganyika hukaa na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolala juu ya mchanga. Tuliwahi kufikiria neno "mkaakombe", tukaliacha, kwa kuwa msomaji wa haraka ataona mkaa wa kupikia. Siklidi wa makombe latosha. Mfugaji atandaze mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi, na aweke makombe mengi kuliko idadi ya samaki, ili wasigombane.

Mbuna wana desturi nyingine: mama huyabeba mayai kinywani hadi vifaranga viweze kuogelea, muda wa wiki 3 hivi, na kwa kawaida hali chakula. Mfasiri akiandika kwamba "huyatia mayai kinywani", msomaji ataamini kwamba ameyala. Tunalo neno kuatamia, ambalo kila mfuga kuku analijua. Basi na tuseme mbuna huatamia kinywani.

Joto na kutupa

Katika nyanda za Songea usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, ilhali samaki hawa hutaka joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Kifaa cha kutia joto tangini twaweza kukiita kipasha-tangi, ili kisichanganywe na birika la umeme.

Neno la mwisho ni "kuachilia". Vijitabu husema samaki waliozidi "waachiliwe". Tunashauri iandikwe wazi kwamba wasimwagwe mtoni. Mto Ruvuma hauingii Ziwa Nyasa, na samaki wa beseni moja akipandikizwa katika beseni jingine aweza kuwadhuru wenyeji. Wapewe mfugaji mwingine.

Kwa muhtasari, tunapendekeza:

1. Siklidi wa umbo dogo: siklidi wa aina zisizokua kubwa hata zikipevuka.
2. Siklidi wa makombe: siklidi akaaye na kuzaa ndani ya kombe la konokono.
3. Kukomaza tangi: kuwastawisha bakteria wa kuondoa sumu kabla ya kuweka samaki.
4. Kuatamia kinywani: kubeba mayai na vifaranga kinywani.
5. Kipasha-tangi: kifaa cha kutia maji ya tangi joto.

Haya ni mapendekezo. Walimu na maafisa wa uvuvi walioko pwani za maziwa, penye wasemaji wa Kimpoto, Kimanda, Kinyasa na Kiha, watakuwa na maneno bora kuliko haya. Tunawaomba wayakusanye kwa wavuvi wazee, wakiandika jina, umbo la samaki na mahali anapopatikana, kabla hayajapotea.